Ngoja Ngoja ya Salfa

Ukitaka kumnyamazisha mtu anayedai petroli safi barani Afrika, mtajie bei ya mtambo. Mwambie kwamba kuondoa salfa kwenye petroli kunahitaji mtambo mzima wa haidrojeni, mabomba ya kuhimili shinikizo kubwa, kiwanda kingine pembeni cha kuzalisha hiyo haidrojeni, wakandarasi kutoka nje na mabilioni ambayo hayamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kisha malizia kwa upole: fedha zikipatikana tutajenga, kwa sasa tuvumilie. Mjadala huishia hapo. Watu wa viwanda wanaitoa hoja hii, wachumi wa nishati wanairudia, na la kushangaza zaidi, baadhi ya wanamazingira wanaiunga mkono bila kujijua, maana hawataki kusikia habari ya kiwango chochote kilicho juu ya sehemu 10 za salfa kwa milioni. Watu hawa hawapatani kwa lolote jingine, lakini kwa hili wako pamoja: ama mtambo mzima, ama tusubiri.

Mimi nasema hoja hiyo ni danganya toto, na udanganyifu wake unaonekana ndani ya kiwanda chenyewe cha kusafisha mafuta. Ipo njia ya kupunguza hadi kama theluthi moja ya salfa ya petroli bila kujenga chochote cha maana na bila kusimamisha kazi. Unatia unga ndani ya mtambo ambao tayari upo. Njia hiyo ina zaidi ya miaka thelathini. Haikufichwa na mtu, imeandikwa kwenye hataza na kwenye majarida ya wahandisi. Imedharauliwa tu, na dharau hiyo ina faida kwa wanaopenda kungoja.

Tuanze na mahali salfa inapokaa, maana wengi wanaobishana juu yake hawajui. Petroli unayotiwa kituoni ni mchanganyiko wa mikondo kadhaa. Upo mkondo uliopitia kwenye mtambo wa platinamu wa kupandisha okteni. Huo karibu hauna salfa kabisa, kwa sababu platinamu haiivumilii, hivyo malighafi yake husafishwa kwanza. Halafu upo mkondo unaotoka kwenye mtambo wa kupasua, ule unaochukua mafuta mazito ambayo hayafai kuingia kwenye gari na kuyavunja yawe mepesi. Katika viwanda vyenye mtambo huo, mkondo wake mara nyingi ni kama theluthi moja tu ya petroli yote, lakini hubeba asilimia 90 na zaidi ya salfa yote. Ukiutibu mkondo huo mmoja, umetibu karibu tangi zima.

Mtambo wa kupasua ni kitu cha kustaajabisha, na mtu akiuelewa vizuri, nusu ya ubishi wa mabilioni unamwishia palepale. Wa kwanza uliwashwa Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1942, wakati wa vita, ndege zikidai mafuta. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Mafuta mazito hukutanishwa na unga wa moto kwenye joto la nyuzi zaidi ya 500, na kwa sekunde chache tu yanapasuka. Unga huo ndio kichocheo. Ukiutazama kabla haujaingia kazini ni mweupe, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, punje zake nyingi hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiupulizia hewa kwa chini unatiririka kama maji, unapanda bomba, unamwagika, unazunguka. Baada ya kupasua mafuta unakuwa umefunikwa na masizi, hivyo hupelekwa kwenye chemba ya pili yenye joto la karibu nyuzi 700, masizi yanaungua, na unga unarudi kazini. Mamia ya tani huzunguka hivyo usiku na mchana. Kwa kuwa unga huchakaa na kuwa wa kijivu kwa nikeli na vanadiamu zilizotoka kwenye mafuta ghafi, kila siku wafanyakazi huongeza unga mpya na kutoa wa zamani. Kazi hiyo haina sherehe. Ni pipa la chuma lililokalia mizani, vali, na hewa ya kusukuma.

Pipa hilo ndilo mlango wa kutilia kitu kingine. Wahandisi walianza kuutumia kitambo kwa shughuli nyingine: kupandisha okteni, kupunguza salfa inayotoka kwenye bomba la moshi la kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakemia wa kampuni ya W. R. Grace ya Marekani, Richard Wormsbecher na Gwan Kim, wakajiuliza kama kiongezi kingine kingeweza kuiwahi salfa kabla haijafika kwenye petroli yenyewe. Hataza yao ilitoka mwaka 1994. Kampuni nyingine zilifuata na unga wao.

Namna kiongezi hicho kinavyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu wasemaji wa mabilioni hupenda kukiita kiini macho. Salfa ya petroli ya mpasuo imejificha zaidi ndani ya thiofeni, molekuli yenye umbo la pete: atomu nne za kaboni na moja ya salfa. Pete hiyo ni ngumu kuvunja. Lakini mle ndani ya kinu cha kupasua molekuli hunyang'anyana haidrojeni muda wote, na thiofeni ikiipata ya kutosha hugeuka tetrahidrothiofeni, ambayo pete yake ni legevu. Tatizo ni kwamba muda ni mfupi mno. Ikiponyoka, hurudi kuwa thiofeni na kwenda zake kwenye petroli. Kiongezi cha kina Wormsbecher kilitumia zinki iliyotandazwa juu ya alumina. Sehemu hizo za zinki huivuta molekuli yenye salfa na kuishikilia hadi pete ikatike, salfa ikatoka kama haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza. Gesi hiyo kiwanda kinaijua. Huoshwa kwa amini, kisha hupelekwa kwenye mtambo wa Claus unaoigeuza kuwa salfa ya manjano, bidhaa ya kuuzia watengenezaji wa asidi na mbolea.

Matokeo kwa kawaida ni punguzo la asilimia 15 hadi 35 ya salfa ya mkondo huo, kutegemea mafuta ghafi, joto na kiasi cha unga uliotiwa, ambao aghalabu ni kama sehemu moja ya kumi ya unga wote unaozunguka. Wiki chache zinatosha kuona mabadiliko. Ukiacha kutia, hali inarudi ilivyokuwa. Benzothiofeni, ambayo ni kubwa zaidi na huchemka kwenye nyuzi 221, ni mbishi zaidi mbele ya unga; dawa yake ni kushusha kikomo cha mkato, yaani joto linalogawa petroli na dizeli, kwenye mnara wa kunereshea ili iangukie upande wa dizeli. Kiwanda kitapoteza petroli kiasi na kupata dizeli zaidi, nayo dizeli itahitaji kusafishwa kwake. Hata hivyo hapo pia hakuna mkandarasi aliyeitwa.

Sasa waje wenye dharau. Watasema: theluthi ni nini? Ukitoka kwenye 500 hufiki 10. Hiki ni kiraka.

Tuhesabu basi. Chukua petroli yenye sehemu 500 za salfa kwa milioni, na tuseme asilimia 90 yake imetoka kwenye mpasuo, yaani 450. Unga ukiondoa asilimia 30 ya hizo, zimeondoka 135. Petroli iliyobaki ina 365. Ni kweli, 365 si 10, na mtu anayeuza unga huu kwa kusema utafikisha petroli chafu kwenye 10 ni laghai. Lakini yule anayesema 500 na 365 ni kitu kilekile anatakiwa aeleze kwa nini, maana chombo kinachoteseka na salfa hakikubaliani naye.

Chombo hicho ni lile sega la kauri ndani ya ekzosi, lenye vitundu vidogo mamia, kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza kaboni monoksidi, mvuke wa petroli ambayo haikuungua na oksidi za naitrojeni kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Historia imefanya mzaha wake hapa. Mfaransa Eugène Houdry, aliyeleta upasuaji wa mafuta kwa kichocheo kwenye viwanda katika miaka ya 1930, ndiye huyohuyo aliyehangaikia kichocheo cha kusafisha moshi wa magari miaka ya 1950, baada ya kushtushwa na ukungu mchafu wa Los Angeles. Petroli ya zama zake ilikuwa na risasi, na risasi ikakiua kichocheo chake. Salfa haiui kwa mkupuo kama risasi. Hulilevya sega. Hukaa juu ya metali, ikazuia kazi, na kadiri inavyozidi ndivyo sega linavyozidi kusinzia. Ikipungua, sega huamka kiasi, hasa likipata joto. Na hapa ndipo ule msemo wa "ama yote ama tusubiri" unapoanguka: salfa ikipungua, kila gari lenye sega zima hunufaika tangu tangi la kwanza, la mwaka huu na la miaka kumi na tano iliyopita. Mtambo unaongojwa haumfai mtu yeyote mpaka siku utakapowashwa.

Wahandisi wana hoja yao nyingine, ya heshima kidogo, kwamba haidrojeni ni safi na ya uhakika, na unga ni wa kubahatisha. Nakubali kuwa mtambo wa haidrojeni huondoa salfa kwa kiwango ambacho unga hauwezi kukiota. Lakini una gharama ambayo wasemaji hawaitaji. Haidrojeni haichagui vizuri: ikienda kuvunja salfa hujaza pia olefini, na olefini ndizo zinazoupa mkondo huo okteni. Hata mitambo ya kisasa iliyobuniwa kuchagua kwa makini hupoteza namba moja au mbili za okteni usipokaza uangalifu, na okteni iliyopotea hurudishwa kwa fedha. Unga unaitoa salfa ndani ya kinu, okteni ikabaki takriban palepale. Ndiyo maana viwanda vyenye mitambo ya haidrojeni pia vimewahi kutumia unga huu: salfa ikiingia imepunguzwa, mtambo hauhitaji kukazwa sana, na kichocheo chake hudumu zaidi. Mtambo huo ukisimama kwa matengenezo, unga hukisaidia kiwanda kuendelea kuuza. Kwa hiyo hata tajiri mwenye mtambo mzima hakidharau kiraka. Maskini ndiye anayefundishwa kukidharau.

Na hao matajiri walifikaje kwenye 10? Kwa ngazi. Ulaya iliweka 150 mwaka 2000, 50 mwaka 2005, 10 mwaka 2009. India ilikuwa na 150, ikaeneza 50 nchi nzima Aprili 2017, kisha 10 Aprili 2020. China nayo ilipitia 150 na 50 kabla ya kufika 10 mwaka 2017. Marekani, ambako petroli ya kawaida ilikuwa na kama 300, ilipitisha sheria Desemba 1999 iliyopanda hatua kwa hatua: wastani wa kampuni 120 mwaka 2004, 90 mwaka uliofuata, kisha 30 kwa kila kiwanda mwaka 2006 na shehena yoyote isizidi 80. Viwanda vidogo na majimbo ya eneo la Milima ya Rocky yakaongezewa muda. Ngazi ya 10 ilifuata mwaka 2017.

Katika sheria hiyo ya Marekani kuna kipengele ambacho ningependa kila mjumbe wa kamati ya viwango akisome. Kati ya mwaka 2000 na 2003, kabla kikomo chochote hakijaanza kubana, kiwanda kilichopunguza salfa mapema kilipewa hati za akiba. Hati hizo kingeweza kuzitumia baadaye au kukiuzia kiwanda kingine kilichochelewa. Angalia maana yake kwa mwenye mtambo wa kupasua. Kila sehemu ya salfa aliyoiondoa leo kwa unga ilikuwa na bei. Theluthi haikuwa kiraka tena, ilikuwa mtaji wa kujengea mtambo wa kesho. Sheria ilimfanya mtu apende nusu ya njia, huku tarehe ya mwisho ikimkumbusha kwamba nusu haitoshi.

Sasa linganisha na Afrika Kusini, nchi iliyokuwa na viwanda vinne vya mafuta ghafi vyenye mitambo ya kupasua: viwili Durban, kimoja Cape Town, kimoja Sasolburg. Mwaka 2006 iliondoa risasi na kuweka salfa ya petroli isizidi 500. Juni 2012 serikali ikatangaza kanuni mpya: 10, kuanzia Julai 2017. Kutoka 500 hadi 10, hakuna kidato katikati. Wenye viwanda wakasema gharama ni takriban randi bilioni 40, nani analipa? Serikali na kampuni zikavutana juu ya namna ya kurudisha fedha hizo. Mwaka 2017 ukapita. Ikawekwa tarehe nyingine, Septemba 2023. Nayo ikasogezwa hadi Julai 2027. Danadana hizo zote zimepigwa huku kikomo halali cha petroli kikiwa 500 ileile ya mwaka 2006.

Katikati ya kungoja, viwanda vyenyewe vikaanza kuondoka. Kile cha Cape Town kililipuka Julai 2020, wakafa watu, kikachukua hadi 2023 kurudi kazini. Kile cha Engen pale Durban kililipuka Desemba 2020 na hakikufunguliwa tena, kimegeuzwa ghala. SAPREF, kile kingine cha Durban na kikubwa kuliko vyote, kilisimama Machi 2022, mafuriko yakakifunika mwezi uliofuata, na mwaka 2024 serikali ikakinunua kwa randi moja. Pale Durban ule mtambo mkubwa uliongojewa haukujengwa, na sasa hakuna hata kiwanda kinachofanya kazi cha kuujengea.

Sidai kwamba unga ungeviokoa viwanda hivyo, maana vilikuwa na maradhi mengine mengi. Ninachodai ni kwamba kanuni ile ilimtendea sawa mwenye petroli ya 499 na aliyejitahidi akafika 350. Wote walikuwa halali mpaka siku ya kikomo cha 10, na siku hiyo haikufika. Aliyeongeza unga angekuwa amejitwika gharama kwa hiari yake, washindani wakimcheka. Kidato kimoja tu cha 300, kikianza mwaka 2014 au 2015, kingeweza kufikiwa kwa unga, kwa kushusha kikomo cha mkato na kwa kuchagua mafuta ghafi, bila ule ugomvi wa bilioni 40. Watu wa Soweto na Mitchells Plain wangekuwa wamevuta moshi ulio hafifu zaidi kwa muongo mzima. Waswahili tunajua ngoja ngoja huumiza nini.

Nina neno na wanamazingira, ambao ugomvi wangu nao ni wa ndugu. Wanaogopa kwamba ukikubali theluthi, mwenye kiwanda ataganda hapo na kukuambia amemaliza. Hofu hiyo ina msingi, nimeona wenye viwanda wakigandia vitu vidogo kuliko huo. Lakini dawa ya kuganda ni tarehe iliyoandikwa ndani ya sheria pamoja na faini ya kuipita, na tarehe hiyo inaandikika vilevile ukiwa umeanzia 300 au 500. Kukataa kidato cha kwanza kwa sababu si cha mwisho kumemfaa nani mpaka sasa? Kumemfaa aliyetaka kubaki chini.

Wana hoja nyingine iliyo bora zaidi, na sitaki kuipita haraka. Salfa haipotei. Unga unaitoa kwenye petroli na kuiweka kwenye gesi. Kiwanda chenye mtambo wa Claus uliochakaa au uliojaa kitachoma gesi hiyo kwenye mwenge, na kitakachokuwa kimetokea ni kuhamisha salfa kutoka kwenye ekzosi za watu wa mjini kwenda kwenye mapafu ya majirani wa kiwanda. Wakazi wa Wentworth na Merebank, kusini mwa Durban, wamepigania hewa yao kwa miongo kadhaa wakiwa katikati ya viwanda viwili vya mafuta, na hakuna mwenye haki ya kuwabebesha hata kilo moja ya nyongeza kwa jina la petroli safi. Kwa hiyo ruhusa ya kutumia unga iambatane na kipimo cha mtambo wa Claus na cha bomba la moshi, na matokeo yawekwe hadharani. Mtambo wa Claus ukishindwa, uanze kutengenezwa huo. Hata hapo bado unazungumzia ukarabati unaojulikana gharama yake, si ule mlima wa bilioni 40.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atauliza haya yanamhusu nini. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kile cha Kigamboni kilifungwa zamani zaidi, na vyote viwili, pamoja na ndugu yao wa Ndola, Zambia, vilikuwa viwanda sahili visivyo na mtambo wa kupasua. Pipa la unga lisingepata pa kufungwa. Kwa kiwanda kipya, kama kile Uganda inachokusudia kujenga Kabaale, Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, sina haja hata ya kuutaja unga: kinachochorwa kwenye karatasi leo kichorwe na mtambo wake wa haidrojeni tangu mwanzo. Unga ni wa viwanda vikongwe vinavyoendelea kuuza.

Lakini sisi tunanunua kutoka kwa viwanda hivyo vikongwe, na hapo ndipo unga unapotuhusu. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya mwaka 2012 viliweka dizeli 50 na petroli 150. Dizeli ya 50 ikaanza kudaiwa Januari 2015, tukapongezana, na tangu siku hiyo imejengeka dhana kwamba habari ya salfa imekwisha, kwamba salfa ni ugonjwa wa dizeli na petroli ni safi kwa asili yake. Si kweli. Tulijikuta na petroli inayoruhusiwa kuwa na salfa mara tatu ya dizeli. Na tunaimimina kwenye magari gani? Kwa wingi ni ya mitumba kutoka Japani, nchi ambayo petroli yake ilishushwa hadi 10 kabla mengi ya magari hayo hayajaundwa. Baadhi yake yana injini za kuungua kwa hewa nyingi, zenye mitego ya oksidi za naitrojeni ambayo salfa huijaza haraka. Fundi akilikuta sega limechoka hulikata na kuunganisha bomba tupu, mwenye gari anafurahia nguvu iliyorudi, na anayemfuata nyuma kwa bodaboda anavuta kilichobaki.

Ukipendekeza salfa ya petroli ishuke, husikii tena mtambo, maana hatuna. Unasikia binamu yake: wauzaji watapungua, bei itapanda. Juu ya bei, serikali ya Marekani ilipokadiria gharama ya kushuka hadi 30, mitambo ya haidrojeni ikiwemo, ilipata chini ya senti mbili za dola kwa galoni. Kwa lita hiyo ni kama nusu senti, kwa fedha ya Tanzania shilingi kumi na kitu. Bei ya pampu hupanda na kushuka kwa zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja bila mtu kuitisha mkutano. Na juu ya wauzaji, mwaka 2015 hatukujenga kitu chochote kupata dizeli ya 50. Tulibadilisha namba kwenye karatasi ya zabuni na meli zikaendelea kufunga gati. Muuzaji mwenye petroli ya 150 iliyotoka kwenye mtambo wa kupasua anajua namna ya kuifikisha 110 bila kujenga, na mwenye mtambo wa haidrojeni anaifikisha 50 kwa kukaza tu. Anayekuuzia ya 150 ni kwa sababu umemwandikia 150. Uholanzi, ambayo bandari zake zimekuwa zikichanganya petroli ya kwenda Afrika Magharibi, ilikwisha kuwabana wafanyabiashara wake wenyewe kuanzia mwaka 2023 wasipeleke nje petroli inayozidi 50. Haipendezi muuzaji kubanwa zaidi na serikali yake kuliko na mnunuzi.

Kwa hiyo kamati za viwango zikikaa tena, na mwakilishi wa waagizaji akasimama kueleza kwamba soko haliwezi, asijibiwe kwa hotuba ya mazingira. Aulizwe shehena tatu za mwisho zilitoka kiwanda kipi, kama kiwanda hicho kina mtambo wa kupasua, kinatia nini kwenye pipa la unga, na cheti cha maabara kabla meli haijaanza kupakua kilisoma ngapi. Vyeti hivyo vipo, kila meli inakuja navyo. Akijibu kwamba kilisoma 80, aandikiwe 80 palepale kama kikomo cha mwaka ujao, na 50 ya mwaka unaofuata iwekewe tarehe kabla watu hawajanyanyuka kwenda kunywa chai.